Hatimaye visu vyangu vya kipepeo vimefika
Miezi mitano nimesubiri, leo nimevishika! Jozi ya visu vya kipepeo, vile vya Wing Chun, mtindo wa kung fu kutoka kusini mwa China, vimefuliwa kwa mkono kwa kipimo changu. Fundi alinitaka nipime kuanzia ngumi hadi kiwiko, maana ukikigeuza kisu kilale juu ya mkono, ncha haitakiwi kupita kiwiko. Mipini ina ubavu mmoja bapa, ndiyo maana vyote viwili vinaingia ala moja, ukidhani ni kimoja. Ila hiki cha kushoto, kinga yake ya chuma inanigonga kifundo cha kidole. Mizunguko kumi tu, ngozi imeshachubuka. Makali sikutaka, ni vya mazoezi. Mke wangu kavitazama weee, kisha kauliza kama vinafaa jikoni.