Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mtunza kamba kwenye majabali ya Dodoma

Saa 10:30 alfajiri

Kamba kwanza, chai baadaye. Nimekaa sakafuni chumbani kwangu Nkuhungu, kamba yetu ya kupandia majabali, mita 60, imelala juu ya turubai, na mimi naipitisha polepole kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kila baada ya shibiri moja naikunja. Kamba nzima ukiikunja inatoa tao la mviringo kama mpini wa kikapu. Iliyoumia ndani haitoi tao. Inavunjika kona, pande mbili zinalaliana kama karatasi. Ganda la nje laweza kuwa zuri, rangi bado inang'aa, kumbe nyuzi za ndani zimeshachoka. Macho hayatoshi kwa kazi hii. Ni vidole.

Leo vidole vimekutana na kona, mita 11 kutoka mwisho mmoja. Nimerudia mara tatu, nikazima taa nikajaribu gizani. Ipo. Labda mwezi uliopita jiwe liliiangukia na hakuna aliyeona.

Nimeikata hapohapo kwa kisu cha jikoni, nikayeyusha ncha kwa moto wa mshumaa ili nyuzi zisitawanyike. Zimebaki mita 49. Jabali tunaloliendea lina kama mita 20, kwa hiyo kamba iliyokunjwa katikati bado inatosha. Lakini kazi haijaisha, kwa sababu alama nyeusi ya katikati sasa inadanganya: upande mmoja mita 30, upande wa pili 19. Katikati mpya ni mita 24 na nusu. Nimepima, nikachora mistari miwili mipana myekundu kwa wino wa kamba.

Miaka mitatu iliyopita nilishuka kwa kamba iliyokatwa upande mmoja, na alama ya zamani ikaachwa bila maelezo. Ukishuka kwa kamba iliyokunjwa katikati, pande zote mbili lazima zilingane. Zile hazikulingana, na hakuna aliyefunga fundo kwenye ncha. Upande mfupi ulichomoka mkononi mwangu nikiwa bado mita tatu juu ya mawe. Kifundo cha mguu kilivunjika, nikafungwa hogo wiki sita. Tangu siku ile niliomba kazi ya kutunza kamba, na sijaiachia.

Saa 12 asubuhi

Tupo kumi na wanne kwenye kosta: wauguzi wawili, walimu, fundi umeme, wanafunzi wa chuo kikuu cha UDOM, na wageni wanne waliofika jana kwa treni kutoka Dar. Hao wamejifunika khanga na mashuka hadi puani. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna huruma kwa mtu wa pwani. Ila huu ndio msimu wetu. Mvua zikishaanza, mwishoni mwa mwaka, jabali huwa na utelezi kama kambare, na kamba hubaki kabatini kwa miezi.

Saa 1:45

Kabla ya kufika kwenye jiwe tunapita kwa babu. Boma lake ndilo la karibu zaidi, na hatujawahi kupanda bila kumwona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo mmeongezeka."

Wageni wamejaribu salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa sauti moja, na babu amecheka mpaka akashika fimbo vizuri. Kisha ametuelekeza kama kawaida. Ufa mrefu wa kushoto tusiusogelee, una wenyewe; maana yake nyuki wamehamia. Na jabali la pili, lenye mbuyu chini yake, lile la kuombea mvua, tulipite kimya. Sijawahi kuomba ruhusa ya kulipanda lile, wala sitaomba. Ni kama miamba ya michoro kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wapandaji wengine huniuliza mbona tusifunge kamba kule, miamba mizuri hivyo. Ile rangi nyekundu imevumilia mvua na moshi kwa vizazi visivyohesabika. Haihitaji jasho la viganja vyetu na chaki zetu.

Saa 3

Mwezi huu jua limeegemea kaskazini, kwa hiyo tunapanda uso wa kusini, wenye kivuli karibu siku nzima. Mwezi wa kumi na mbili tungegeuza.

Mimi na fundi umeme tumezunguka kwa nyuma hadi kileleni kufunga nanga ya kushikilia kamba: majiwe mawili makubwa kama matrekta, na mti mmoja wa ziada. Ukingoni, kamba inapopinda, tumetandika kipande cha zulia. Wenzetu kule chini wanagonga jiwe kwa konzi. Itale huchomwa na jua mchana, hupoa usiku, na mwisho huachia magamba kama kitunguu. Jiwe zima linajibu kwa mlio mkavu, mfupi. Gamba lililoachia linajibu kama mlango wa chumba kitupu. Hilo tunaliwekea alama ya chaki, na hakuna anayelishika.

Saa 4 hadi saa 8

Nani kapanda vipi sitaeleza yote. Nitaeleza mmoja tu, dada muuguzi aliyekuja mara ya kwanza, na mwalimu aliyemshikia kamba.

"Mwalimu, nimeshikwa?"

"Umeshikwa!"

"Napanda!"

"Panda!"

Jina kwanza, ndipo neno. Upepo ukivuma, "kaza" ya kundi jirani isije ikasikika kama yako. Dada alianza kwa kulikumbatia jiwe, kosa la kila mgeni. Tumbo likigusa jabali, uzito unatoka miguuni na soli zinateleza. Nikamwambia, "Shusha visigino, sogeza kiuno nje, amini miguu." Kwenye mita ya kumi akaganda. Mguu ukaanza kutetemeka kama wa mshona cherehani. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi nilimtazama mwalimu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeifunga kamba chini ya nyonga, haukuhama hata nzi alipomtua usoni. Dakika nne nzima, bila kumharakisha, alimwambia tu, "Dada, nipo. Pumua." Akapumua, akapanda, akafika.

Nikiulizwa nani kapanda vizuri leo, ni mwalimu.

Saa 8:30

Ugali wa uwele na mlenda wa karanga, kwa mama mmoja jirani ya babu. Wazoefu wanapanga matembezi ya vilima ya kesho, mazoezi ya kwenda Mlima Hanang mwezi wa tisa kwa njia ya Jorodom. Mita 3,417 si mchezo. Nimewakumbusha kwamba mlima uleule, tarehe 3 Desemba 2023, ulimwaga tope juu ya Katesh baada ya mvua kubwa. Tutakwenda kiangazi au hatutakwenda.

Saa 10 jioni

Wa mwisho kushuka ni mimi. Nimefungua nanga, nimepitisha kamba nyuma ya jiwe laini, mistari miwili myekundu ikikaa katikati kabisa. Nikafunga mafundo kwenye ncha zote mbili, nikazirusha.

"Zimefika?"

"Moja imefika!" mwanafunzi akajibu.

"Na ya pili?"

Kimya. Nikasikia hatua zake kwenye mawe.

"Ya pili pia! Nimeshika fundo!"

Nikashuka. Mguu wangu wa kushoto, ule uliovunjika, ndio uliogusa ardhi kwanza.

Saa 11:30 jioni

Kile kipande cha mita 11 nilikuja nacho mfukoni mwa begi. Warina asali wa huku hupanda majabali kwa kamba, nami sikutaka mtu aning'inie kwenye ile kona niliyoikuta alfajiri. Kwa hiyo nimekikata vipande vifupi vya mita moja moja, nikampelekea babu. Amechagua kimoja, akakivuta kwa mikono miwili, akakikunja kama nilivyokikunja mimi. Halafu akaenda kumfunga beberu wake.