Nimeenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kuangalia mjusi, chekeni tu

Wacha niseme ukweli kwanza, huyu mjusi anaitwa agama, dume wa kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa bluu si lazima utoke mbali ndio umuone, yuko hadi Hell's Gate pale Naivasha anaota jua, na ukoo wake umeenea Ethiopia, Kenya mpaka Tanzania. Lakini mimi nilitaka kumuona kule joto linakopikwa.

Basi likatoka Eastleigh jioni, Isiolo usiku wa manane, halafu lami tupu mpaka Marsabit, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi na shingo imekataa kugeuka. Hapo nikadandia landikruza ya mizigo, juu ya magunia ya sukari, mpaka Maikona kando ya Chalbi.

Kosa langu, nilienda kumtafuta saa saba mchana, tena kwenye ule uwanja mweupe wa chumvi, maana kwa akili yangu jangwa ni pale pasipo na kitu. Na kweli hapakuwa na kitu jameni. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, umetoka Nairobi kutafuta mjusi?" Eeh mzee. Akacheka weee, halafu akasema njoo asubuhi, kwa mawe.

Kesho yake saa moja na nusu tuko kwa yale mawe meusi ya volkano. Dume akatoka kwa ufa amefifia kama shati la mitumba, akajilaza, na vile joto linavyomuingia ndivyo rangi inavyoiva, nikaiona inaiva na macho yangu. Kisha akaanza pushapu, anainua kifua anashusha, si mazoezi, anawaambia madume wengine hili jiwe lina mwenyewe. Mmoja akajifanya hajasikia, wakachapana mikia, na aliyeshindwa rangi ikamtoka palepale. Hiyo pekee ilinitosha.

Kufika saa tano jiwe halikaliki, nilijaribu nikaruka nimeshika makalio, na mwenzangu kasimamia vidole, tumbo juu kabisa, kidogo hivi akajipenyeza kwa ufa akapotea. Mzee akauliza nauli ni ngapi kwenda na kurudi, nikamwambia. Akanyamaza, akaangalia ule ufa.

"Hiyo si ni mbuzi mzima."