Siku Moja Bustanini na Maua ya Kudumu

Saa 12 asubuhi. Kabla sijafungua maji, nachomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Nikikuta unyevu, simwagilii. Leo inayohitaji kunywa ni miche ya msimu huu pekee. Naiwekea maji shinani polepole, mengi kwa mkupuo mmoja, yazame na mizizi iyafuate. Ukinyunyizia kidogo kidogo kila siku, mizizi hubaki juu juu, na jua likikaza mimea hiyo ndiyo inayotangulia kunyauka. Mimea ya asili iliyokwisha kushika ardhi naipita.

Saa 2 nyuki washaamka. Hapa najichelewesha kwa makusudi, mbele ya salvia ya buluu. Ndani ya ua lake stameni, yaani sehemu za kiume zinazobeba chavua, zimekaa kama wenzo: nyuki akisukuma kichwa kufuata nekta, sehemu ya chini inasogea na ya juu inamshukia mgongoni, inampaka chavua. Anatoka nayo hadi ua jingine. Ukishaliona hili kwa karibu, huchagui tena maua kwa rangi tu.

Saa 3 ndiyo kazi kubwa ya leo, kugawa kichaka cha hemerokali, mmea wa maua unaoishi miaka mingi. Kila ua la mmea huu hudumu siku moja tu, kwa hiyo uzuri wake wote uko kwenye wingi wa vitumba. Kichaka hiki vitumba vimepungua na katikati pamebaki upara, mizizi imebanana. Nachimba kukizunguka, naking'oa kizima kwa sepetu, nakung'uta udongo, kisha nakipasua kwa mikono. Panapogoma natumia kisu. Kila kipande lazima kiwe na chipukizi na mizizi minono ya kutosha. Majani nayapunguza, nabakiza kama sentimita 15, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha yote. Vipande navilaza kivulini chini ya gunia bichi.

Mchana sipandi kitu. Jua hilo huua mche uliotoka kung'olewa.

Saa 9, palizi. Chini ya mti ambapo ndege hutua nimekuta mche wa lantana. Majani yanakwaruza ukiyagusa, ukiyafikicha yanatoa harufu kali. Naung'oa na mizizi yake. Najua wengi wanaipenda, na vipepeo wanaifuata kweli, lakini lantana asili yake ni Amerika ya kitropiki, na Afrika, Asia na Australia imegeuka gugu linalosonga mimea ya wenyeji. Kwangu swali la kwanza ni hili: mmea huu ni wa asili ya wapi? Ulio mwenyeji kule unaweza kuwa mvamizi huku.

Pembeni yake majani ya mmea mmoja wa asili yametobolewa na viwavi. Sipulizi dawa. Anayetaka vipepeo lazima akubali majani yaliyotoboka.

Saa 10 na nusu jua limelegea, napanda vile vipande. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, isizame zaidi ya sentimita 2 au 3, ikifukiwa sana maua yanakuwa haba. Namwagilia, kisha natandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, nikiyaweka mbali kidogo na shina lisioze. Mabua makavu ya msimu uliopita siyagusi, kuna nyuki wapweke, wasioishi kwa makundi, wanaotaga ndani ya uwazi wake.

Vipande vilivyobaki nampelekea jirani kabla giza halijaingia, avipande leo hii.