Jinsi nilivyolikwamua jukwaa la kugeuzia kichwa cha treni

Watoto wa Igogo, hapa Mwanza, wanakua jirani na reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, lakini wengi hawajui vichwa vya treni vya mvuke viligeuzwaje. Nikawaundia mfano wa jukwaa la kugeuzia: daraja fupi la reli ndani ya shimo la duara, likizunguka juu ya mhimili wa katikati. Ukiweka kichwa juu yake, linakwama.

Magurudumu madogo ya kwenye ncha za daraja ndiyo yaliyolemewa. Kwenye majukwaa ya zamani ya aina hii, mzigo hubebwa na mhimili. Magurudumu huzuia tu daraja lisiyumbe. Ndiyo maana watu wachache waliweza kusukuma tani nyingi kwa mikono! Nikaongeza washa mbili (pete bapa za chuma) chini ya beringi ya mhimili, daraja likainuka. Bado lililalia upande mmoja, kwa kuwa kichwa ni kizito mbele. Nikakisogeza taratibu hadi ncha zote mbili zikawa sawa. Grisi kidogo, kidole kimoja kikatosha.

Dizeli zilipokuja, majukwaa mengi duniani yaling'olewa yakawa chuma chakavu, na inaniuma. Yaliyobaki yatunzwe: shimo lisituamishe maji, mhimili upakwe grisi, na daraja lizungushwe mara kwa mara.