Kuku sita uani: hesabu kabla ya banda

Jumapili jioni, Aprili, Dar es Salaam

Mvua imekatika saa tisa. Sasa inakaribia saa kumi na mbili, na ile kona ya nyuma ya jiko inayotazamiwa iwe banda bado imetuamisha maji ya kufunika ndala. Nusu ya swali, kwamba tufuge kuku sita hapa au tusifuge, imeshajibiwa hapo.

Mtu akifikiria kufuga, kwanza huuliza aina ya kuku na bei ya vifaranga. Mimi naona ardhi ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kuku atastahimili kelele, ataivumilia hata nafasi finyu kwa siku kadhaa, lakini unyevu haumwachi salama. Maranda yanayotandikwa sakafuni mwa banda yakilowa, vimelea vya kuhara damu vilivyo kwenye kinyesi hukomaa kwa siku moja au mbili tu. Kuku anavidonoa pamoja na chakula, na vifaranga ndio hufa wa kwanza. Unyevu huohuo ndio unaoifanya samadi itoe ile hewa kali inayochoma macho, na kifua kikishaungua kwa hewa hiyo, mafua hupata mlango.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Chota konzi moja ya maranda, ikamue kwa nguvu, kisha achia. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakipeperuka kama vumbi, yamekauka kupita kiasi. Yanatakiwa yashikane kidogo halafu yavunjike yenyewe. Baada ya hapo chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Mtu aliyesimama havuti hewa wanayovuta wao. Macho yakikuwasha pale chini, banda linaumwa hata kama kuku bado wanakula vizuri.

Kwa hiyo kona hii itafaa kwa sharti moja: sakafu ipandishwe sentimita 30 juu ya ardhi, kifusi kishindiliwe, juu yake zege jembamba lenye mteremko kuelekea nje. Maranda juu ya zege yasipungue sentimita 8. Paa lizidi ukuta kwa mita moja pande zote, kwa sababu mvua ya masika hapa pwani hailali wima, inakuja na upepo.

Ukubwa sasa. Uani huu una mita 4 kwa 6, na humo zimo kamba za nguo, tangi la maji na mti wa mwembe. Kwa kuku wa mayai wanaoishi ndani, mita moja ya mraba huchukua watano. Hicho ni kiwango cha mfanyabiashara mwenye banda kubwa lenye hewa. Kwa familia napendelea watatu kwa mita. Kuku sita basi wanahitaji banda la mita 2 kwa 1, pamoja na kiwanja cha wavu cha mita 2 kwa 3 cha kuparua mchana. Fito ya kulalia iwe na mita 1.2 na zaidi, yaani sentimita 20 kwa kila mmoja, unene wa mpini wa jembe, juu kuliko viota. Viota vikiwa juu kuliko fito, watalala humo, na kila asubuhi utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi. Viota viwili vya sentimita 30 kwa 30 vinawatosha.

Ukuta wa chini uwe wa tofali kozi mbili au tatu, na juu yake wavu mtupu. Banda la kufungwa mbao kila upande ni la watu wa baridi. Hapa Januari na Februari kuku huhema mdomo wazi kutwa, na kuhema huko hupunguza kile ambacho mwili unahitaji kutengenezea ganda, ndiyo maana mayai ya kiangazi huja na maganda membamba hata kama chokaa ipo ya kutosha. Pande mbili ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja.

Wavu wenyewe usiwe ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Ule humzuia kuku asitoke, ila mbwa na kicheche wanaupasua. Chukua wa kuchomelewa wenye matundu madogo, uzike sentimita 30 ardhini, na uufunike juu pia. Kwa Dar juu ni muhimu kuliko chini: kunguru. Ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani nzima. Wanabeba kifaranga mbele ya mama yake, na yai lililoachwa wazi halimalizi saa.

Ndipo nafika kwenye aina, na hapa ndipo nilipobadilika mawazo. Moyo ulikuwa kwa kuku wa kienyeji. Anastahimili, anatamia mwenyewe siku 21 na kuangua, supu yake haina mfano. Lakini nguvu ya kienyeji ni kuzurura: anajitafutia wadudu, mbegu na majani, ndiyo maana anaonekana halishwi. Ukimfungia ndani ya mita sita za mraba unamnyang'anya hilo, unabaki kumnunulia chakula chote, naye anakupa mayai 50 hivi kwa mwaka. Chotara kama Kuroiler anatoa mayai karibu mara tatu ya hayo na ana nyama nzuri, ila hula sana na ni nadra kutamia. Kwenye eneo la kijijini lenye nafasi, nisingesita kuchukua kienyeji. Kwenye uani wenye ukuta pande zote, kwa familia inayotaka mayai, kuku wa mayai wa kisasa ndiye anayelipa chakula chake.

Hesabu yake ni hii. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 120 kwa siku. Sita wanakula gramu 720, yaani mfuko wa kilo 25 unaisha kwa siku 34 au 35. Wakiwa kwenye kilele watatoa mayai matano kwa siku, hivyo mfuko mmoja unarudisha mayai kama 170, trei tano na nusu hivi. Chukua bei ya mfuko dukani kwako, gawanya kwa tano na nusu, linganisha na bei ya trei mtaani kwako. Ikiwa tofauti ni ndogo, fuga kwa sababu nyingine, usifuge kwa kuokoa hela. Na usinunue mfuko wa kilo 50 kwa kuku sita ukidhani unapunguza gharama. Kwa unyevu wa pwani chakula kinakaa zaidi ya miezi miwili, kinaota ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuanika juani.

Mabaki ya jikoni? Kidogo, jioni, baada ya kushiba chakula chao. Ugali na wali vinajaza tumbo bila protini, na mayai hupungua ndani ya wiki. Mtu husingizia ugonjwa kumbe ni ukarimu. Maji yawe mara mbili ya chakula, lita moja na nusu kwa sita kwa siku ya kawaida, na mara mbili ya hapo joto likipanda. Chombo kikae kivulini. Kuku akikosa maji nusu siku tu, kesho na keshokutwa yai huenda lisionekane.

Jogoo haingii. Mayai hutagwa bila yeye, na majirani wana haki ya usingizi wao saa kumi alfajiri.

Jambo linalonipa uzito kuliko mengine ni mdondo, kideri kwa wengine. Ukiingia, kuku wasiochanjwa wanaweza kwisha wote kwa siku chache, na hauna tiba. Dawa za kuongeza kwenye maji hazitibu mdondo, bila kujali muuzaji anasema nini. Kinga ipo na ni rahisi: chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, kila baada ya miezi mitatu. Mbebe kuku kwapani, kigeuze kichwa chake pembeni jicho moja liangalie juu, shikilia kichupa wima bila kuligusa jicho, dondosha tone moja. Subiri apepese. Akishapepesa na tone likapotea, amechanjwa. Likitiririka shavuni, rudia. Usimchanje aliye mgonjwa, na kumbuka kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, hivyo kuchanja siku ugonjwa ulipofika kwa jirani ni kuchelewa.

Tatizo la mfugaji wa kuku sita ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku mia na zaidi. Suluhisho ni kupanga siku moja na wafugaji wa mtaa, mkachanga na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Inamsaidia kila mtu, kwa kuwa kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa wako.

Bado kuna maswali mawili ambayo lazima nyumba nzima iyajibu kabla ya tofali la kwanza. Nani atawafungulia na kuwapa maji siku familia ikienda msibani mkoani? Na baada ya mwaka mmoja na nusu, mayai yakipungua, watachinjwa au watauzwa? Watoto wawepo wakati wa kujibu la pili, kwa kuwa watakuwa wameshawapa majina.

Uamuzi wa leo: ndiyo, ila si sasa. Masika ipite. Kona ijazwe kifusi Juni, zege likauke, banda likae tupu wiki moja. Julai waletwe matembe sita, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, wa wiki 16 hadi 18, si vifaranga. Kifaranga mpaka atage atakula kilo 6 hadi 7, na atahitaji joto usiku na mlolongo wa chanjo ambao kwa mtu anayeanza ndiko makosa hutokea. Kwa muuzaji naenda na karatasi yenye maswali manne: mdondo alichanja tarehe ngapi mara ya mwisho, Gumboro (ugonjwa mwingine wa kuku) lini, ndui lini, na minyoo wamepewa dawa wiki ipi. Akisema tu kwamba wamechanjwa kila kitu, bila tarehe, narudi na tenga tupu.