Nilimuua Aliyenituma, na Bado Nikaimaliza Morrowind

Kila niliyemwambia kwamba nimemuua Caius Cosades katika gemu ya Morrowind alinijibu vilevile: anza upya. Mmoja akaongeza "pole sana, kaka," kana kwamba nimefiwa. Mwingine, huyu ndiye aliyeniudhi zaidi, akanielekeza amri ya siri ya kumfufua. Eti niandike neno moja, mzee ainuke, tuendelee kama hakikutokea kitu. Nikakataa. Nimeshamuua, basi amekufa.

Kwa asiyeijua, Morrowind ni gemu ya RPG ya mwaka 2002, yaani unaigiza mhusika mmoja ndani ya hadithi. Unaanza ukiwa mfungwa, unashushwa melini Seyda Neen, unakabidhiwa furushi la karatasi umpelekee mtu huko Balmora. Mtu mwenyewe ndiye Caius: mzee kifua wazi, suruali tu mwilini, na kiko cha kuvutia ulevi hakiko mbali. Jasusi mkuu wa mfalme huyo! Anakupa sarafu 200 na kukuambia nenda kwanza ukajitafutie kazi na uzoefu, kisha urudi. Nikatii. Nikazunguka kisiwa kizima, nikajiunga na vyama, nikapata upanga wa maana. Niliporudi kwake sikuurudisha upanga alani, na badala ya kitufe cha kuzungumza nikabonyeza cha kupiga. Mzee akanirukia kwa ngumi. Ningeweza kukimbia. Nilitaharuki, nikammaliza.

Ukatokea ujumbe kwenye skrini: uzi wa unabii (ule wa kwamba mimi ndiye mteule) umekatika, rudi kwenye sevu ya zamani, yaani hali ya mchezo uliyoihifadhi, la sivyo endelea kuishi katika dunia uliyoiangamiza mwenyewe. Na mimi, kwa mazoea ya kijinga, baada ya kila pigano mkono unakimbilia kusevu. Nilikuwa na sevu moja tu. Tafadhali wekeni tatu, nne, hazili chakula.

Ila ujumbe ule ulinikalia kichwani. "Endelea kuishi." Hawakusema gemu imekwisha. Watengenezaji haohao, katika Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011, waliufunga mlango huu: mtu muhimu ukimpiga anaanguka, anapumzika kidogo, anainuka. Hadithi lazima iende. Morrowind inakuacha uiharibu.

Na mimi nilikuwa nimeshachoshwa na uteule. Kila gemu unafungua unakuta wewe ndiye. Oblivion uko jela, mfalme anapita na kukwambia alikuona ndotoni. Skyrim unapelekwa kukatwa kichwa, kumbe una damu ya joka. Baldur's Gate, 1998, yatima uliyelelewa kati ya vitabu, kumbe baba yako ni mungu wa mauaji. Fallout 2, mwaka huohuo, hawakujisumbua hata kuficha, wanakuita Mteule tangu mwanzo. Jela, yatima, kusahau jina lako: zote ni njia za kukufanya usiulize maswali mengi, kwa sababu mhusika naye hajui kitu kama wewe. Si vibaya. Ila mara ya kumi unaanza kuuliza, je, yule muuza mikate asingeweza?

Hapo ndipo nikaona nimepata bahati. Mtu wangu hakuwa tena mteule wa yeyote. Alikuwa mwuaji mwenye upanga mzuri.

Kazi yenyewe unaijua mapema, imejaa vitabuni humo: chini ya Red Mountain kuna moyo wa mungu aliyekufa, adui mkuu Dagoth Ur anaunyonya nguvu, na unavunjwa kwa nyundo Sunder na kisu Keening. Nikaenda kuvitafuta. Kuingia kwenye ngome zilimofichwa na kutoka sitasimulia, ni kupigana tu. Nikavipata, nikakishika Keening mkononi kwa majivuno yote. Nikafa. Nikafikiri nimeshambuliwa kwa nyuma, nikarudia, nikageuka nyuma kabisa nitazame adui. Nikafa nikiwa naangalia ukuta. Kumbe silaha zile zinamuua anayezishika bila glavu iitwayo Wraithguard, na glavu anayo Vivec, mungu anayetawala mji wenye jina lake, ambaye humpa mteule tu.

Basi nikaenda kumnyang'anya.

Hapa ndipo ninapojisifu. Dawa katika Morrowind hutegemea akili ya anayezipika. Ukichanganya viazi vya majivu na ule uvimbe wanaouuza wauza dawa, unapata dawa ya kuongeza akili. Uinywe, upike nyingine: inatoka kali zaidi. Uinywe hiyo, upike tena. Baada ya nusu saa ya kupika na kunywa mtu wangu alikuwa na akili kuliko miungu yote ya kisiwa, na dawa zake za kurudisha afya hazikwisha nguvu mapema. Vivec alikuwa akielea ukumbini kwake kwa utulivu. Tulipigana muda mrefu, kwa aibu kubwa upande wangu, maana nilikuwa nakunywa zaidi ya kupiga.

Juu ya maiti nikakuta kifaa kisicho na uhai cha Dwemer, kabila la kale la mafundi wa mashine. Glavu, ndiyo, lakini haifanyi kazi. Nani ataitengeneza? Dwemer walitoweka wote kwa siku moja, zamani. Nikakaa nikafikiri, kisha nikacheka peke yangu: wote isipokuwa mmoja! Yagrum Bagarn, mgonjwa aliyevimba mwili, anatembelea miguu ya mashine chini ya mnara wa Tel Fyr. Nikampelekea glavu pamoja na vitabu vya Kagrenac aliyezibuni zana hizo. Akaitengeneza kwa kuungaunga.

Nikaivaa. Nikafa.

Yaani nimeua mungu, halafu nafa kwa kuvaa glavu, kama mtu anayekufa akifunga kifungo cha shati. Kazi ya kuungaunga ina gharama: ukiivaa mara ya kwanza inakung'oa kipande kikubwa cha uhai, na hakirudi. Asiyekuwa na cha kutosha haamki. Ikabidi nirudi kumwongezea mtu wangu ngazi, yaani kumkomaza awe na uhai zaidi, saa nyingi sana, sikuhesabu na sitaki kuhesabu. Mara hii nikaivaa, nikabaki na uhai kiduchu, lakini nimesimama.

Dagoth Ur alinihutubia, nikamsikiliza kwa heshima. Kisha nyundo mara moja, kisu mara kadhaa, moyo ukavunjika.

Nilipotoka mlimani tufani ya majivu ilikuwa imekoma, anga safi kwa mara ya kwanza. Nikashuka hadi Balmora kutoa ripoti, na nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka.