Mshale Ulikuwa Katikati

Siku gari lilipochemsha, baba alikuwa peke yake barabarani. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, boneti limefunuliwa, mvuke umeshakwisha, lakini ile harufu tamu ya kulanti, maji ya kupozea injini, iliyoungua bado ilikuwa hewani. Hata kabla sijamwamkia alisema, "Mshale wa temperecha ulikuwa katikati, mwanangu. Nilikuwa nauangalia."

Gereji hawakumwamini. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda, gasketi inayoiziba imeungua, na aliyefungua injini alimwambia mbele yangu kwamba dereva makini angeona mshale ukipanda, akazima gari mapema. Baba ameendesha magari tangu kabla sijazaliwa. Alinyamaza tu. Injini ilipotengenezwa akawa anaendesha kwa kuinamia dashibodi, macho nusu barabarani, nusu kwenye kile kioo kidogo cha temperecha. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko hesabu ya matengenezo.

Nikaanza kusoma na kuuliza. Nilichokikuta ni kwamba katika magari mengi ya siku hizi mshale wa kiwandani umetulizwa makusudi. Joto likifika kama nyuzi 75 unasimama katikati, na hapo utabaki hadi 105 au zaidi, ili dereva asiingiwe na wasiwasi kila feni inapowaka na kuzima. Ukianza kupanda, mambo yameshaharibika. Kisha maji yakipungua hadi sensa, ile inayopima joto la maji, ikabaki kwenye mvuke, hata hicho kidogo inachokisema hakiaminiki tena. Rejeta ya baba ilikuwa na ufa kwenye tangi lake la plastiki, maji yakivuja kidogo kidogo. Kwa hiyo aliposema mshale ulikuwa katikati alisema kweli tupu.

Nilimweleza. Alitikisa kichwa kama mtu anayefarijiwa na mtoto wake. Nikaona maneno hayatoshi, nikanunua geji, yaani kipimo cha temperecha, yenye namba.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza haihitaji umeme: ina mrija mwembamba wa shaba wenye kimiminika ndani, kutoka kwenye injini hadi kwenye geji yenyewe. Ni ya kweli sana, ila mrija ukikatika au ukikunjika vibaya, imekufa. Nilichagua ya umeme, kipenyo milimita 52, yenye sensa ya waya mmoja. Sensa hiyo ni kitu rahisi kuelewa: ikipata joto ukinzani wake unapungua, umeme unapita zaidi, mshale unapanda.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulianza. Baba alitaka kwanza tuijaribu. "Usifunge kitu usichokijua," alisema. Tukachemsha maji kwenye sufuria, nikaining'iniza sensa ndani, waya wake mmoja ukaenda kwenye geji, na mwili wake nikaufunga kwa waya mwingine hadi hasi ya betri. Maji yalipotokota, mshale ulisimama pembeni kidogo tu mwa 100. Baba aliuinamia muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuuona mshale wa temperecha ukipanda polepole, nyuzi kwa nyuzi, bila kukwama popote.

Kazi ya maji ndiyo iliyotuchosha. Tulifungua rejeta kwa chini, tukakinga kulanti kwenye beseni, kisha nikakata mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini. Kukata mpira mzima kwa kisu kunahitaji moyo. Nilipima mara tatu. Kati ya vipande viwili tukaingiza kipande cha bomba la alumini chenye tundu lenye uzi kama wa skrubu, wa inchi 1/8, tukakaza klampu pande zote mbili, nikaifunga sensa kwenye tundu lake. Waya nikaupitisha kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva, kupitia tundu ambalo tayari lilikuwa na mpira wake, maana waya ukisuguana na bati lisilo na mpira siku moja utachubuka. Umeme wa geji niliuchukua kwenye waya unaoamka ufunguo ukiwashwa, nikauwekea fyuzi. Taa yake nikaiunganisha na taa za dashibodi.

Tukajaza kulanti, tukawasha.

Kimya. Mshale umelala chini kabisa. Dakika tano, saba, ule wa kiwandani ukapanda ukafika mahali pake pa siku zote, huu wetu haukujigusa. Tukazima. Nikakagua fyuzi, nikakagua kila kiungo cha waya. Nilianza kufikiri sensa imekufa, nikawa tayari kumwaga maji tena.

Baba alikuwa amesimama mbele ya rejeta, tochi mkononi ingawa ulikuwa mchana. Akauliza, "Kwenye sufuria ule waya wa pili ulikuwa wa nini?"

Nilisimama na spana mkononi. Ule waya wa pili ulikuwa wa hasi. Sensa ya waya mmoja hupata hasi yake kupitia chuma ilichofungwa, na mimi nilikuwa nimeifunga kwenye kipande cha alumini kilichoshikwa na mpira huku na mpira kule. Mpira haupitishi umeme. Sensa ilikuwa inaelea, haina pa kurudishia umeme, na geji ilitafsiri hivyo kuwa ni baridi.

Kile kipande kilikuwa na tundu dogo la skrubu ambalo asubuhi sikuliona kuwa na kazi. Tukafunga waya hapo, upande wa pili tukaufunga kwenye boliti ya injini. Kabla ya kuukaza nilikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, na hili nalisisitiza kwa yeyote atakayefanya kazi hii: hasi mbovu huongeza ukinzani, na ukinzani ukiongezeka geji inasoma baridi kuliko hali halisi. Mtu anaweza kuchemsha injini huku geji mpya inamwambia nyuzi 85.

Injini ilikuwa imepoa tulipowasha mara ya pili. Mshale ukapanda kidogo, ukabaki chini ya 50, nami moyo ukanidunda tena. Baba akagusa mpira wa juu. "Bado wa vuguvugu," alisema. Hapo nikaelewa: themostati, mlango mdogo unaoyazuia maji mpaka injini ipate joto, ilikuwa bado imefunga, maji ya moto yanazunguka ndani ya injini tu, hayajatoka kuja kwenye sensa yetu. Yetu hufungua kwa nyuzi 82. Tukangoja. Ghafla mpira ukawa wa moto mkononi mwake, akauondoa mkono, na mshale ukaruka hadi 80, ukashuka kidogo, ukapanda tena. Tulikuwa tunaiona themostati ikipumua. Tukawasha hita, mapovu yakatoka kwenye shingo ya rejeta mpaka yakaisha, tukaongeza kulanti, tukafunga kifuniko.

Jioni baba aliendesha, mimi nikakaa pembeni. Kwenye tambarare mshale wetu ulicheza kati ya 88 na 93. Kisha tukauanza mlima. Gari lilikuwa gia ya pili, kiyoyozi kimewashwa, upepo wa mbele mdogo. 95. 98. 101. Baba hakusema neno. Ilipofika 104 akaegesha pembeni, akazima kiyoyozi, akaiacha injini ikinguruma taratibu na feni ikivuma. Nilimwambia asihofu, kwamba kifuniko cha rejeta kinabana maji kwa shinikizo na hayawezi kuchemka mpaka yavuke 120. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia mshale wa zamani.

Ulikuwa katikati. Katikati kabisa, pale pale ulipokuwa tulipotoka nyumbani.

Aliweka kidole kwenye kioo chake, akakihamishia kwenye geji mpya, akakirudisha. "Siku ile ulikuwa hapa," akasema. "Hapa hapa."

"Ndiyo, baba. Nilikuamini."

"Najua. Lakini leo nimeuona."

Namba zikaanza kushuka: 102, 99, 96. Wa zamani haukutikisika. Baba akafuta macho kwa kiganja, akatia gia, tukamalizia mlima pole pole. Tulipoanza kuteremka upande wa pili alikuwa ameegemea kiti chake vizuri, mgongo umenyooka, macho barabarani, na kila baada ya muda alitupa jicho moja pembeni na kunisomea kwa sauti: "Tisini na mbili. Tisini. Themanini na nane."